Kioo cha Mwana wa Mhunzi

Miwani yenyewe niliinunua mitumba, pale Bukoba mjini. Muuzaji alikula kiapo mbele za watu kwamba ni ya polaroidi, orijino, ile wanayovaa wavuvi wa Ulaya. Sikumwamini, lakini bei ilikuwa ya kuchezea. Nikashuka nayo hadi ufukweni. Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, jua limeshaanza kuinama, na ziwa linang'aa kama bati jipya, huwezi kulitazama mara mbili. Nikavaa miwani. Mng'ao ukatoweka! Nikaona mawe chini ya maji, nikaona mpaka vidagaa vinavyozunguka kwenye nguzo ya gati. Nikainamisha kichwa begani kama mtu aliyeshikwa na shingo, mng'ao ukarudi. Nikakinyoosha, ukaondoka. Vijana waliokuwa wakiosha pikipiki wakaanza kunicheka. Mmoja akasema, "Huyu jamaa rubisi imemkolea."

Jioni ile, nyumbani, nilijaribu kitu kingine. Nina kikokotoo changu cha enzi za sekondari, kile chenye tarakimu nyeusi kwenye kioo cha kijivu. Nilikitazama kupitia miwani huku nikikizungusha polepole kama usukani. Kilipofika pembe fulani kioo chote kikawa cheusi tii. Nikazidi kukizungusha, tarakimu zikarudi.

Ndugu msomaji, fizikia niliiacha Kidato cha Nne, na tuseme ukweli, fizikia nayo iliniacha mimi. Matokeo yangu hayakunipeleka popote. Ninachotaka maishani ni kuandika riwaya, na ninayo moja tayari, kurasa mia mbili na kitu, iliyoandikwa kwa mkono kwenye madaftari sita. Niliipeleka kwa mchapishaji mmoja, ikarudi baada ya miezi minane ikiwa na karatasi ya mistari mitatu. Sasa imelala kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Lakini ile miwani ilinifanya niulize, na kuuliza kukanipeleka kusoma, na kusoma kukanikutanisha na mtu ambaye sikumtarajia, yaani mtoto wa mhunzi ambaye kazi yake ya miaka mingi nayo ilishindikana ikawekwa kabatini. Huyo ndiye ninayetaka kumsimulia.

Kwanza tuelewane kuhusu mwanga. Chukua kamba ndefu ya kufungia ng'ombe, ifunge ncha moja kwenye mti, shika ncha ya pili uitikise. Ukiitikisa juu na chini, wimbi linakwenda juu na chini. Ukiitikisa kulia na kushoto, linakwenda hivyo. Mwanga nao ni mtikisiko, na mwanga wa jua au wa taa umechanganya mitikisiko ya kila upande. Sasa pitisha kamba yako katikati ya uzio wa fito zilizosimama. Wimbi la juu na chini litapenya, la kulia na kushoto litagota kwenye fito na kufa. Mwanga uliochujwa hivyo, ukabaki na mtikisiko wa upande mmoja tu, ndio wataalamu wanaosema una polarizesheni. Mimi nitauita mwanga uliochujwa, tusichoshane.

Maji ya ziwa yanauchuja mwanga yenyewe. Ule mng'ao wa alasiri kwa sehemu kubwa ni mtikisiko wa ulalo, na miwani yangu ni uzio wa fito za wima, kwa hiyo unagota. Jambo hili lilionekana Paris mwaka 1808. Mfaransa Étienne-Louis Malus alikuwa akitazama kwa kipande cha jiwe angavu la Iceland jinsi jua la jioni linavyomeremeta kwenye madirisha ya kasri ya Luxembourg, akakizungusha kile kipande na kuona mmeremeto unapungua na kuongezeka. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Hakuna aliyemwambia Malus kwamba rubisi imemkolea!

Basi, miaka kumi na saba kabla ya hapo, tarehe 22 Septemba 1791, kwenye kitongoji kimoja cha London, alizaliwa Michael Faraday. Baba yake, James, alikuwa mhunzi, tena mgonjwa wa mara kwa mara, na mhunzi mgonjwa ni familia yenye njaa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1801, chakula kilipopanda bei, mtoto Michael alikuwa akipewa mkate mmoja wa kula juma zima. Shule yake ilikuwa kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Akiwa na miaka kumi na tatu alikuwa akipeleka magazeti nyumba kwa nyumba kwa niaba ya George Riebau, mwenye duka la vitabu. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wake, kujifunza kujalidi vitabu kwa miaka saba.

Hapa ndipo waandishi wengi wa vitabu vya watoto hupenda kumgeuza Faraday kuwa hubiri: alisoma kwa bidii, nawe soma kwa bidii. Mimi sikubali. Bidii alikuwa nayo, lakini wangapi wana bidii pale kwetu Muleba, wanabeba ndizi kwa baiskeli kutoka Kamachumu kabla jua halijachomoza? Faraday alikuwa na bahati ya aina moja tu, nayo ni kubwa: aliwekwa kufanya kazi ambapo vitabu vinapita mikononi, kwa bwana ambaye hakumgombeza akivisoma. Alisoma makala ya umeme kwenye ensaiklopidia iliyoletwa kujalidiwa. Alisoma kitabu cha mazungumzo ya kemia cha mwanamama Jane Marcet. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka akampa tiketi za kusikiliza mihadhara ya Sir Humphry Davy kwenye Royal Institution. Akasikiliza, akaandika kila kitu, akachora michoro, akajalidi maandishi yake kama kitabu, akampelekea Davy. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara kwa shilingi 25 kwa wiki na vyumba viwili vya juu ghorofani.

Wanaoandika watanielewa. Mswada uliojalidiwa vizuri ulifungua mlango. Wa kwangu una nailoni.

Mambo makubwa yaliyofuata yamo kwenye kila kitabu cha shule, kwa hiyo nayapita mbio. Mwaka 1821 aliufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku. Mwaka 1831 akapata umeme kutokana na sumaku, na jenereta zote unazozijua, hata zile zinazonguruma mabondeni kwetu msimu wa senene kuwasha mataa ya kunasia, ni wajukuu wa kazi hiyo. Ninachotaka kukaa nacho ni kile kilichotokea kati ya tarehe hizo mbili na baada yake, yaani habari ya kioo.

Katika miaka ya 1820 Waingereza walikuwa wameachwa nyuma na mafundi wa Ulaya bara katika kutengeneza kioo safi cha darubini. Ikaundwa kamati mwaka 1824, na Faraday akapewa kazi ya kupika kioo. Mwaka 1827 tanuru likajengwa palepale Royal Institution. Akaajiriwa pia mtu wa kumsaidia kulitunza, Charles Anderson, sajini mstaafu wa jeshi la mizinga. Kioo walichokuwa wakipika kilikuwa kizito, kimejaa madini ya risasi. Kilikuwa kinachafuka, kinatoa mapovu, kinakatika. Miaka ikapita. Kuna kisa kinachosimuliwa kwamba usiku mmoja Faraday alisahau kumwambia Anderson aende nyumbani, na asubuhi alipofika akamkuta bado anakoka moto. Kama ni kweli au chumvi, mimi nakipenda, maana namjua mtu wa namna hiyo.

Mtu huyo ni babu yangu mzaa baba. Ni mhunzi. Kibanda chake kiko Muleba, chini ya mwembe, na anatengeneza visu, mundu na majembe kwa springi za magari chakavu. Ukimwachia moto anautunza mpaka umwambie basi. Wazee wake walikuwa wakiyeyusha chuma chenyewe kutoka kwenye mawe, yeye hakuwahi kufanya hivyo. Ni mkoa wetu huu huu ambao mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliuandikia kwenye jarida la Science, wakieleza matanuru ya Buhaya ya karne nyingi zilizopita, na jinsi wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani mwao walivyojenga tanuru upya mbele ya macho yao. Mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa ya tanuru, wakaeleza, ili hewa ipashwe moto kabla haijafika kwenye makaa. Chuma cha dukani kilipokuja kwa bei rahisi, matanuru yakazimika. Naliandika hili kwa sababu kuna mshikaji wangu kijiweni aliniambia, "Wewe unaandika historia ya Wazungu." Nikamjibu kwamba mimi naandika historia ya moto na watu wanaoukoka. Hakuridhika. Tutarudi kwake.

Mwaka 1831 Faraday aliomba apumzishwe kazi ya kioo. Vipande vichache vizuri vilipatikana, lakini darubini hazikupata faida iliyotarajiwa. Kwa lugha ya kwetu, mradi ulikufa. Miaka ya hela na moshi, na kilichobaki ni vipande kwenye kabati, pamoja na Sajini Anderson aliyebaki palepale maabara kuwa msaidizi wake.

Kisha Faraday mwenyewe akaanza kuchakaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 kichwa kilimsumbua, kumbukumbu zikawa zinamtoroka, akaenda Uswisi kupumzika. Kuna waliodhani amekwisha.

Kilichomwamsha ni barua ya kijana. Tarehe 6 Agosti 1845, William Thomson, mwenye miaka 21 tu, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Lord Kelvin, alimwandikia mzee huyu wa miaka 53. Thomson alikuwa bingwa wa hesabu, kitu ambacho Faraday hakuwa nacho hata chembe. Katika barua yake aliuliza, je, mwanga uliochujwa ukipita ndani ya kitu angavu kilichobanwa na nguvu ya umeme, hautabadilika? Faraday akamjibu kwamba alishajaribu zamani na hakuona kitu. Na kweli alijaribu, mwaka 1822 na tena 1833. Lakini swali likamkaa. Mwishoni mwa Agosti akarudi maabara na kujaribu tena kwa umeme, siku baada ya siku. Akatoka kapa.

Tarehe 13 Septemba 1845 akaacha umeme, akachukua sumaku.

Hebu tuingie chumbani naye, maana ni kazi ambayo ungeweza kuifuata kwa macho. Kuna taa ya mafuta inayoitwa Argand, yenye utambi wa duara na glasi, ndugu wa mbali wa chemli zetu. Mwanga wake unapiga uso wa kioo na kurudi, kama jua linavyolipiga ziwa, na kwa kurudi unachujwa. Upande wa pili Faraday ameweka mche wa Nicol, yaani uzio wa pili wa fito. Anauzungusha mche mpaka fito zake zinapingana na mtikisiko wa mwanga unaokuja. Sasa akichungulia, ndimi ya taa imepotea, ni giza tupu. Katikati ya njia hiyo kuna sumaku ya umeme yenye nguvu, na kati ya mwanga na sumaku anaweka vitu angavu kimoja kimoja. Akaanza na hewa tupu. Giza. Kioo cha kawaida cha madini ya risasi, giza vilevile. Kipande cha kwatzi, giza. Jiwe la Iceland, lile la Malus, nalo giza. Anabadilisha ncha za sumaku, anawasha, anazima, anachungulia. Jicho la mzee, mchana mzima.

Ndipo akakumbuka kabati. Akatoa kipande cha kile kioo kizito cha miaka ile, upana wa inchi mbili hivi na unene wa nusu inchi. Akakilaza kando ya ncha za sumaku ili mwanga upite ndani yake ukifuata mwelekeo wa nguvu ya sumaku. Akawasha umeme. Ndimi ya taa ikaonekana. Akazima, ikapotea. Akawasha, ikarudi.

Kilichotokea ni hiki. Sumaku ilikuwa imeuzungusha mtikisiko wa mwanga ndani ya kioo. Wimbi liliingia likiwa limelala upande mmoja, likatoka limejipinda kidogo, na kwa sababu halikuwa tena limepingana kabisa na fito za uzio wa pili, sehemu yake ikapenya. Akiuzungusha mche kidogo kufuata ule mzunguko, giza linarudi, na kwa njia hiyo anaweza kupima umezunguka nyuzi ngapi. Kadiri uga wa sumaku unavyokuwa na nguvu na njia ndani ya kioo inavyokuwa ndefu, ndivyo mzunguko unavyoongezeka. Kabla ya siku hiyo mwanga ulikuwa na nyumba yake na sumaku yake. Hakuna binadamu aliyewahi kuonyesha kwamba wanajuana.

Siku tano baadaye, tarehe 18, akiwa na sumaku kubwa zaidi aliyoazima Woolwich, alikuta hata kioo cha kawaida kinafanya hivyo, na maji pia, na mafuta, na spiriti. Vyote vilikuwa na tabia ile tangu mwanzo, ila kidogo mno kwa sumaku ya kwanza. Kioo kizito ndicho kilichokuwa nayo kwa wingi wa kutosha kuonekana na jicho lililochoka. Ndugu mwandishi mwenzangu, lisome tena hilo. Kioo kilichoshindwa kuwa lenzi ndicho peke yake kilichoweza kusema siku ile. Sidai kwamba madaftari yangu sita ni kioo kizito. Mengine yanaweza kuwa matakataka tu, na mwenye mistari mitatu alikuwa na haki. Ila nimeyatoa chini ya kitanda nikayasoma, jambo ambalo kwa mwaka mzima sikuthubutu.

Taarifa yake ilisomwa Royal Society tarehe 20 Novemba 1845. Miaka ishirini hivi baadaye Mskoti James Clerk Maxwell, bingwa mwingine wa hesabu, akaonyesha kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la umeme na sumaku. Faraday alikuwa bado hai. Jaribio lake la mwisho alilifanya tarehe 12 Machi 1862, akitafuta kama sumaku inaweza kubadili rangi za mwanga wa ndimi ya moto. Hakuona kitu. Mwezi huohuo John Speke alikuwa ikulu kwa Kabaka Mutesa, baada ya kukaa kama mgeni wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, majirani zetu hapa. Napenda kuziweka tarehe hizi pamoja kwa sababu shuleni tulifundishwa kana kwamba zilitokea kwenye sayari mbili. Alichokitafuta Faraday siku ile kilionekana mwaka 1896 na Mholanzi Pieter Zeeman, aliyekuwa na vyombo vikali zaidi. Faraday alikuwa amefariki tangu Agosti 1867.

Kuna kitu kimoja kwenye ugunduzi huu kilichonichukua muda kukielewa, na nilikielewa kwa mgono. Mgono wa samaki ni mtego ambao samaki anaingia lakini hatoki. Sasa, sukari iliyoyeyushwa kwenye maji nayo huzungusha mwanga uliochujwa, lakini ukiurudisha mwanga nyuma kwa njia ileile, mzunguko unafutika, unarudi ulivyokuwa. Sumaku haifanyi hivyo. Inazungusha kwa kufuata mwelekeo wake yenyewe, haijali mwanga unakwenda au unarudi, kwa hiyo ukiurudisha, mzunguko unajumlishwa. Faraday aliliona hilo mapema, akapaka kioo chake fedha kwenye ncha ili mwanga uende na kurudi mara kadhaa, mzunguko ukazidi kukua.

Basi weka uzio wa kwanza, kisha kipande chenye sumaku kinachozungusha nyuzi 45, kisha uzio wa pili ulioinamishwa nyuzi 45. Mwanga unaokwenda mbele unapita bila shida. Unaotaka kurudi unazungushwa nyuzi 45 nyingine, jumla 90, unafika kwenye uzio wa kwanza umepingana nao kabisa, unagota. Ni mgono wa mwanga. Na migono hii haipo vitabuni tu. Nyaya za mwanga zilizolazwa baharini, kama SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, zina vikuza-mwanga njiani, na ndani ya vikuza-mwanga mna migono hiyo, ili mwanga usirudi nyuma ukavuruga kazi. Ukimtumia rafiki yako wa London picha ya senene za kukaanga, ujue njiani imepita mlango wa Faraday, si mmoja.

Sasa nirudi kwa mshikaji wangu wa kijiweni na "historia ya Wazungu". Nilimpeleka Malindi. Kwa maneno, maana nauli hatuna.

Katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walisimamisha baharini jukwaa lenye miguu ya chuma, wakaliita San Marco. Walilipendea pale kwa sababu ni karibu na ikweta, na roketi inayorushwa ikweta kuelekea mashariki inasukumwa na mzunguko wa dunia wenyewe. Aprili 26, 1967 waliirusha setilaiti ya San Marco 2. Ilibeba kifaa cha kutangaza mawimbi ya redio kwa ajili ya kuchunguza ionosfia, ile tabaka ya juu ya anga yenye chembe za umeme. Redio na mwanga ni ukoo mmoja, na dunia nzima ni sumaku, kwa hiyo wimbi la redio lililochujwa likishuka kupitia ionosfia linazungushwa vilevile kama ndimi ya taa ndani ya kioo. Wataalamu wakipima limezunguka kiasi gani, wanajua kuna chembe ngapi njiani. Anga lote lililo juu yetu, kwa maana hiyo, ni kioo kizito.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya miaka saba ya uhuru wa Kenya, jukwaa hilohilo lilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza nyota zinazotoa eksirei. Kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Neno letu, Kiswahili chetu! Ilifanya kazi mpaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei angani. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobeli mwaka 2002. Orodha hiyo ya nne ilipotoka mwaka 1978, kila chanzo kilipewa herufi za mwanzo 4U, na U hiyo ni Uhuru. Wanajimu wa Tokyo na Chicago wanaandika U yetu kila siku, na sidhani wengi wao wanajua inatamkwaje.

Mojawapo ya nyota hizo ni 4U 0142+61. Iko umbali wa miaka-nuru 13,000 hivi. Ni mabaki ya nyota iliyokufa, yaliyoshindiliwa yakawa na ukubwa wa wilaya, na uga wake wa sumaku unazidi ule wa dunia zaidi ya mara trilioni mia moja. Tarehe 9 Desemba 2021 Wamarekani na Waitalia walirusha setilaiti iitwayo IXPE, ambayo kazi yake ni kupima eksirei zimechujwa upande gani. Iliwekwa juu ya ikweta kabisa, kilomita 600 juu, na kituo kikuu cha kupokea taarifa zake kikawa Malindi. Mwaka 2022 taarifa za nyota ile zikatangazwa: mtikisiko wa eksirei zake dhaifu na mtikisiko wa eksirei zake kali umepishana nyuzi 90 kamili. Huu si mzunguko uleule wa kioo cha Faraday, ni binamu yake, lakini anayeshika usukani ni sumaku ileile. Kutokana na hizo nyuzi 90 watafiti walisema huenda nyota ile haina angahewa kabisa, ni uso mgumu mtupu. Mwanga umesafiri miaka 13,000 ukiwa bado umebeba namna ulivyotikisika ulipotoka.

Mshikaji wangu alinyamaza. Kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa kijiweni: "Kwa hiyo hiyo setilaiti imepita hapa?"

Ndiyo, imepita hapa. Nilikaa na ramani. Bukoba iko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta. Setilaiti inayofuata ikweta inapita juu ya Ziwa Viktoria, kwetu ni karibu na utosi, ikielekea mashariki, na dakika mbili na ushei baadaye iko usawa wa Malindi. Ikizunguka dunia kwa dakika tisini na kitu, inapita hivyo zaidi ya mara kumi kwa siku. Kwa hiyo jioni ile nilipokuwa ufukweni nimeinamisha shingo kama mwendawazimu, watu wakinicheka, sikuwa peke yangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Muleba nikiwa na miwani mfukoni. Nilimkuta babu anazima makaa. Nikamwamkia, nikaketi kwenye gogo, nikamsimulia yote, kuanzia mkate wa juma zima mpaka nyota ya Uhuru. Alivaa miwani akatazama maji ya kwenye pipa la kuzimia chuma, akainamisha kichwa huku na huku, hakusema kitu. Nilipomaliza akairudisha.

"Huyo mzee alikuwa fundi," akasema. "Na yule mwingine? Aliyekoka moto mpaka asubuhi. Jina lake waliliandika?"

"Waliliandika, babu. Faraday mwenyewe, kwenye taarifa ileile ya 1845. Alisema anamwia Anderson deni kubwa kwa uaminifu na uangalifu wake."

"Mahali pazuri?"

"Chini ya ukurasa. Kwa herufi ndogo."

Babu akachukua koleo, akageuza kaa moja lililokuwa bado jekundu, akalisukumia kwenye majivu.